Tusimcheke Mtu Mzima Anayejifunza Baiskeli



Juma hili tunapenda tutafakari pamoja jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno: mtu mzima kujifunza kuendesha baiskeli. Kwetu baiskeli ni kitu cha kila siku. Ukitoka Mwanza mjini kwa njia ya Igoma na Kisesa kuelekea Magu, au ukishika njia ya Usagara kwenda Misungwi, utapishana na baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa, madumu ya maziwa, matenga ya samaki, kuku waliofungwa miguu, na abiria. Kila mtu anaijua baiskeli. Lakini si kila mtu anajua kuiendesha, na hapo ndipo lilipo swali letu.

Zipo nyumba nyingi katika vijiji vya kando ya Ziwa ambamo baiskeli ipo, imeegemezwa ukutani, matairi yake yote mawili yana hewa, na mama wa nyumba hiyo hupita karibu nayo kila siku akiwa na ndoo kichwani. Baba anajua kuiendesha. Mtoto wa kiume wa miaka 10 anajua pia. Alijifunza kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu, mwili umepinda upande mmoja kama mtu anayechungulia mlangoni. Mama hajui. Tangu siku alipoolewa yeye ni abiria wa kwenye keria. Akiulizwa kwa nini hajifunzi, hujibu kwa kicheko kifupi: “Mimi ni mtu mzima sasa.”

Jibu hilo linasikika kama la busara, na wengi wetu hulipokea bila kulihoji. Sisi tunadhani kwamba si jibu la kweli. Kinachomzuia mtu mzima kujifunza baiskeli mara nyingi si mifupa yake, wala si umri wake. Ni macho yetu. Anaogopa kuanguka mbele ya watu zaidi anavyoogopa kuanguka. Ikiwa ndivyo, basi kizuizi hicho tumekiweka sisi, na ni sisi tunaoweza kukiondoa.

Tutazame kwanza kile kinachopotea. Katika vijiji vyetu kisima, zahanati, soko, mashine ya kusaga na mwalo wa samaki havikai mahali pamoja. Mama anayenunua dagaa mwaloni asubuhi na kuwapeleka sokoni hupoteza saa nyingi njiani, ama huacha sehemu ya faida yake mikononi mwa mwenye pikipiki. Mhudumu wa afya wa kijiji anayezunguka kaya kwa kaya kwa miguu hufikia nyumba chache kuliko ambazo angezifikia kwa magurudumu mawili. Tena kuna yale mambo yasiyongoja. Mtoto anashikwa na homa kali usiku, baba yuko ziwani au yuko safarini, na baiskeli iko palepale ukutani. Usiku wa namna hiyo, baiskeli ambayo mama hawezi kuiendesha haina tofauti na ukuta inaoegemea.

Tumejenga barabara, nasi tunashukuru. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na safari ambayo zamani ilingoja kivuko sasa ni ya dakika chache kwa gari. Lakini ile njia ya vumbi itokayo mlangoni mwa nyumba hadi kwenye lami bado watu wengi huipita kwa miguu, na wanaoipita kwa miguu wakiwa na mzigo ni akina mama zaidi kuliko akina baba.

Hali hii haikutokea kwa bahati tu. Ina historia yake, nayo yafaa ikumbukwe. Baiskeli zilienea Usukumani kwa fedha za pamba. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijenga vyama vyao vya ushirika ili wauze pamba yao wenyewe pasipo kupunjwa, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama hivyo, Victoria Federation of Co-operative Unions, lenye makao yake Mwanza. Msimu ulipokuwa mzuri watu walinunua ng'ombe, mabati, cherehani na baiskeli. Ilikuwa fahari ya haki, kwa sababu ilitokana na jasho. Ila aliyepokea fedha pale kituoni kwa kawaida alikuwa baba, ingawa waliopalilia na kuchuma walikuwa pia mama na watoto. Basi jasho lilikuwa la wote, na baiskeli ikawa ya mmoja.

Hata umbo la baiskeli lenyewe lilisema ni ya nani. Zile nyeusi, nzito, Raleigh za Uingereza na baadaye Phoenix za China, zilikuwa na bomba lililolala juu, kutoka kwenye siti hadi kwenye usukani. Aliyevaa kanga hawezi kuipanda hiyo bila kuinua mguu kwa namna ambayo jirani ataizungumzia hadi jioni. Zilikuwapo pia zenye bomba lililoinamishwa, lakini vijijini zilikuwa chache. Hivyo msichana aliyekulia katika nyumba yenye baiskeli alikua akiisafisha, akiifunga mizigo, akiisukuma mlimani, bila kuiendesha hata siku moja. Halafu leo, akiwa na miaka 40, tunamwambia kwamba amechelewa!

Hapa tunasikia mtu akituletea methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, nasi tunaoishi kando ya Ziwa tunaielewa kuliko wengi. Lakini ni methali ya malezi ya watoto, haikutungwa ili kumfungia mtu mzima mlango. Tena tuseme ukweli kuhusu samaki wenyewe. Kayabo, yule sangara aliyetiwa chumvi na kuanikwa akawa mgumu kama ubao, hatupwi kwa kuwa amekauka. Hulowekwa. Hupewa maji na muda, naye hulainika, na mboga yake huliwa kwa furaha. Mtu mzima naye ndivyo alivyo. Anahitaji muda kidogo zaidi kuliko mtoto, na anahitaji watu wasiomharakisha.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1968 ulianza katika mikoa yetu ya Ziwa mradi wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa kufuata kazi zao, kwa msaada wa UNESCO, na makao yake yalikuwa hapa Mwanza. Wakulima wa pamba walijifunza herufi kwa masomo yaliyohusu pamba, na wavuvi kwa masomo yaliyohusu uvuvi. Mwaka 1970 Serikali ikautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi nzima babu na bibi zetu wakaketi chini ya miembe wakiwa na mbao za kuandikia. Walikuwa na haya, bila shaka. Mzee kufundishwa herufi na kijana si jambo jepesi. Lakini walikuwa wengi, waliketi pamoja, na walikuwa wakijifunza kitu ambacho kesho yake kingewasaidia kusoma mizani ya pamba. Mambo hayo mawili, kujifunza pamoja na kujifunza kwa manufaa yanayoonekana, ndiyo yaliyoshinda haya. Yaliyofaa kwa herufi yatafaa pia kwa magurudumu.

Na ulimwengu una mifano ya watu wenye heshima zao waliojifunza baiskeli katika umri mkubwa. Frances Willard, kiongozi wa chama cha wanawake wa Marekani waliopiga vita ulevi, alijifunza akiwa na miaka 53, wakati ambapo mwanamke juu ya baiskeli alikuwa kioja. Alifanya mazoezi ya dakika 15 hivi kwa siku kwa muda wa miezi 3, na mwaka 1895 akachapisha kitabu kidogo kueleza alivyofanya. Mwaka huohuo mwandishi mashuhuri wa Urusi, Leo Tolstoy, aliyekwisha kuvuka miaka 65 na ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amefiwa na mtoto wake mdogo, naye alijifunza baiskeli huko Moscow. Wapo waliomshangaa, yeye akaendelea kuendesha. Na huko Uholanzi, nchi ya baiskeli, kwa miaka mingi yamekuwapo madarasa ya kuwafundisha baiskeli wanawake watu wazima waliohamia kutoka nchi nyingine. Hakuna anayewaona wanawake hao kuwa wamepotoka. Wanaonekana kuwa wanajitafutia njia ya kufika kazini na shuleni kwa watoto wao.

Kuna maneno mengine yanayosemwa kwa sauti ya chini, nasi hatuoni vema kuyapita kimya. Husemwa kwamba baiskeli humharibu msichana, au kwamba humzuia mwanamke kuzaa. Maneno hayo hayana msingi, na wazazi wasiyatumie kuwatisha mabinti zao. Husemwa pia kwamba si heshima. Lakini katika mashindano ya baiskeli ya Kanda yetu ya Ziwa wamekuwapo wanawake wanaoshindana umbali mrefu juani, na umati husimama kandokando ya barabara kuwashangilia. Yawezekanaje mwanamke ashangiliwe akiwa mashindanoni, kisha azomewe akiwa anaenda kisimani? Kwa upande wa Kanisa, tukumbuke kwamba vigango vyetu vingi visingehudumiwa bila baiskeli ya katekista, na kwamba mwaka 1949 Papa Pio XII alimtangaza Mama Maria wa Ghisallo, ambaye kikanisa chake kiko juu ya mlima karibu na ziwa la Como huko Italia, kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Hapana aibu yoyote katika magurudumu mawili.

Sasa, je, mtu mzima hujifunzaje? Wengi wetu tulifundishwa kwa njia mbaya: unapandishwa juu, unasukumwa, unaachwa, unaanguka. Mtoto huvumilia hilo kwa kuwa ni mwepesi na ardhi iko karibu naye. Mtu mzima anahitaji njia ya upole zaidi. Tukumbuke kwamba chombo cha kwanza cha namna hii, alichokitengeneza Mjerumani Karl Drais mwaka 1817, hakikuwa na pedeli kabisa. Mpandaji alikaa na kujisukuma kwa miguu yake chini. Njia hiyo ndiyo ifaayo kwa anayeanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: siti nayo ishushwe hadi nyayo zote mbili zikanyage chini barabara, na fundi azing'oe pedeli kwa muda. Mwanafunzi akae, ajisukume taratibu kwenye uwanja wenye mteremko mdogo, kisha ainue miguu kwa hatua moja, mbili, tano. Siku atakapoweza kuteleza mita 20 bila kugusa chini, amekwisha kujifunza lililo gumu. Pedeli zirudishwe, na siti ipandishwe kidogo kidogo.

Yafaa pia aelezwe siri ya jambo lenyewe. Baiskeli haisimamishwi kwa nguvu za mikono. Inapoanza kuangukia kulia, mwendeshaji hugeuza usukani kidogo kulekule kulia, na magurudumu huja chini ya uzito wake. Anayeshika usukani kwa hofu na kuukaza huizuia baiskeli isijiokoe. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walitengeneza baiskeli ya pekee ambayo ndani yake waliondoa mambo mawili yaliyokuwa yakitajwa siku zote kuwa ndiyo yanayoisimamisha, yaani nguvu ya mzunguko wa magurudumu na mpangilio wa gurudumu la mbele. Wakaisukuma bila mtu juu yake, nayo ikajisimamisha yenyewe ilipokuwa katika mwendo. Kwa hiyo mwambieni anayejifunza: legeza mikono, tazama mbele, usitazame gurudumu, na usiogope mwendo, kwa maana mwendo mdogo mno ndio unaoangusha.

Hayo ni ya mwanafunzi. Yetu ni magumu zaidi. Mtu mzima anapojifunza, watoto hukusanyika. Vijana waliokaa kijiweni hupaza sauti. Mama jirani husimama mlangoni na kuguna. Hakuna anayekusudia ubaya, lakini jumla yake ni kwamba jioni ile yule mama huirudisha baiskeli ukutani na hairudii tena. Tumemnyima mwenzetu kitu kikubwa, tena tumekwisha kukisahau kabla ya chakula cha usiku. Kicheko hutuponyoka kirahisi kwa sababu hatugharamiki chochote kwacho. Anayegharamika ni mwingine, na hulipa kwa miguu yake kila siku kwa miaka mingi.

Basi tunatoa shauri letu kwa uwazi. Jumuiya zetu ndogondogo zina desturi nzuri ya kusaidiana katika msiba, ugonjwa na harusi. Kwa nini zisisaidiane na katika hili? Baiskeli moja yenye bomba lililoinama, fundi mmoja mwenye moyo, na uwanja wa shule au wa kigango baada ya Misa ya Dominika, vyatosha. Akina mama watano au sita wajifunze pamoja, maana anayeanguka kati ya wanaoanguka haoni haya. Wafundishwe ikiwezekana na mwanamke anayejua tayari. Watoto wapewe kazi ya kusaidia badala ya kutazama: huyu apulize filimbi, yule ashike keria. Breki zikaguliwe kabla ya kila kitu. Na mtu asiyeweza bado kusimama na kugeuka kwa usalama asiingie Barabara ya Nyerere wala ya Makongoro, ambako daladala na bodaboda hazimngojei mwanafunzi. Wala asianzie kwenye miteremko ya Bugando.

Kwa akina baba tuna neno la pekee. Ndugu zetu, mkimfundisha mama baiskeli, msifanye hivyo ili muketi. Wapo akina mama wanaokataa kujifunza kwa sababu wameona mbali: wanajua kwamba siku wakiweza kuendesha, safari ya mashine, ya kisima na ya dukani zote zitakuwa zao, pamoja na zile zilizokuwa za baba. Hofu hiyo ina akili ndani yake. Baiskeli imkusudie mama kumpunguzia mzigo, isiwe kisingizio cha kumwongezea. Na fedha ya kununua tairi au kuziba pancha isikosekane siku ambayo ni yeye anayesafiri. Mwenye kujua kuendesha lakini asiye na ruhusa ya kuichukua baiskeli bado yuko kwenye keria.

Na kwa akina mama, dada na bibi zetu, tunasema hivi kwa heshima. Mmejifunza mambo magumu kuliko haya mkiwa watu wazima. Mmejifunza kutumia simu, kutuma na kupokea fedha kwayo, kuweka hesabu za vikundi vyenu vya kuweka na kukopa, kulea wajukuu wasio na wazazi. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa hayo mmechelewa, kwa kuwa yalihitajika. Hili nalo linahitajika. Mtapata michubuko magotini, na majuma mawili ya kwanza yatakatisha tamaa. Lakini mwili wa mtu ukishajifunza mizani hiyo hauisahau, hata miaka ikipita.

Wapendwa, juma hili yawezekana tukamwona mtu mzima anajikongoja na baiskeli kwenye uwanja, amekunja kanga, jasho linamtoka. Tukiwa na nguvu, tukamshikie keria. Tukiwa na haraka, tumsalimie na kumpa pole ya kazi kama tunavyomsalimia mtu aliye shambani. Na tukiwa hatuwezi hata hilo, basi tupite kimya, ili kesho arudi tena uwanjani.